Bwawa Dogo Ndani ya Tangi la Kioo

Samaki wa bwawani hutunzwa na nani?

Bila shaka umewahi kuona samaki wakiogelea katika bwawa, mto au ziwa. Hakuna mtu anayewabadilishia maji kila juma, wala hakuna anayewapulizia hewa. Hata hivyo samaki hao huishi, hukua na kuzaana. Je, kinyesi chao huenda wapi? Hewa wanayovuta ndani ya maji hutoka wapi?

Sasa fikiri juu ya samaki aliyetiwa katika bakuli lenye maji matupu. Siku ya kwanza huogelea vizuri. Baada ya siku chache maji huanza kuwa na ukungu na kutoa harufu mbaya. Samaki hupanda juu na kutweta. Asipohamishwa mapema, hufa. Bakuli lina maji kama bwawa lilivyo na maji. Basi limepungukiwa na nini?

Katika sura hii utajibu swali hilo kwa vitendo. Utatengeneza bwawa dogo ndani ya tangi la kioo, kwa kutumia udongo, mchanga, maji na mimea. Samaki utamtia mwisho kabisa. Utakapomaliza sura hii utaweza kueleza kwa nini ni lazima asubiri.

Kazi ya kila kitu tangini

1. Udongo. Udongo wa bustani una chumvichumvi ambazo ni chakula cha mimea. Pia una mabaki ya majani na mizizi. Mabaki hayo yanapooza hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo mimea ya majini huihitaji.

2. Mchanga. Mchanga hutandazwa juu ya udongo. Kazi yake ni kuuzuia udongo usitibuke na kuyachafua maji.

3. Bakteria. Hawa ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huishi katika udongo, juu ya mchanga, juu ya majani na hata kwenye kioo. Watu wengi husikia neno bakteria na kufikiri juu ya maradhi tu. Lakini wako bakteria wengi wenye manufaa. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza pia hutoa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haiwadhuru samaki ikiwa ni kidogo. Bakteria hawa huongezeka polepole. Huchukua majuma kadhaa kabla ya kutosha kwa kazi hiyo.

4. Mimea. Mimea hufyonza amonia na nitrati na kuzitumia kwa kukua. Katika mwanga, mimea hutumia maji na kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula. Kitendo hiki huitwa usanisinuru. Wakati wa kitendo hiki mimea hutoa oksijeni, na samaki huivuta oksijeni hiyo kwa mashavu yake.

5. Samaki. Samaki hutoa kabonidayoksaidi na kinyesi, ambavyo huirudia mimea. Aidha samaki wadogo hula viluwiluwi vya mbu.

Waona basi kwamba kila kimoja humtegemea mwenzake. Bakuli la maji matupu halina wafanyakazi hawa. Humo samaki huishi katika uchafu wake mwenyewe.

Mambo haya yalivyogunduliwa

Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alieleza majaribio aliyoyafanya huko Uingereza. Alizamisha majani mabichi ndani ya maji, akayaweka juani. Vipovu vya hewa vilitokea juu ya majani. Alipoyaweka gizani, vipovu vilikoma. Hivyo alionyesha kwamba mwanga wa jua ndio unaoiwezesha mimea kutoa hewa hiyo njema.

Miaka 70 baadaye, yaani mwaka 1849, mkemia mmoja wa London aliyeitwa Robert Warington alianza kufuga samaki wawili katika chombo kikubwa cha kioo. Chini aliweka mchanga na matope, na ndani ya matope alipanda mmea wa majini uitwao Vallisneria. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani makongwe ya mmea yalianza kuoza, na maji yakachafuka. Warington aliongeza konokono wa majini. Konokono walikula majani yaliyokuwa yakioza, na maji yakawa safi tena. Habari za jaribio hilo aliziandika mwaka 1850.

Warington alikuwa na samaki, mmea, matope na mwanga, lakini alikosa mwenye kuondoa majani mafu. Kukosekana kwa kazi moja tu kulitosha kuharibu mambo yote. Sisi hatutatumia konokono, na sababu yake utaisoma hivi punde. Kazi yao utaifanya wewe kwa mikono yako.

Tahadhari kabla ya kuanza

Soma maelezo haya kwa makini. Usianze kazi kabla ya kuyaelewa.

Usiingie bwawani, mtoni wala ziwani kutafuta mimea. Katika maji mengi ya nchi zetu wamo konokono wenye vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka katika konokono, huogelea majini, na hupenya katika ngozi ya mtu. Pengine pia wamo mamba. Mwombe mzazi au mwalimu akupatie mimea kwa mfugaji wa samaki. Kama mtu mzima ataichukua bwawani, avae viatu virefu vya mpira na glavu za mpira.

Mimea hiyo iwekwe katika ndoo ya maji safi kwa siku tatu bila kuguswa. Vijidudu vya kichocho vilivyoogelea nje ya konokono havidumu hai muda huo wote. Kisha mtu mzima aliyevaa glavu aichunguze, aondoe konokono wote na mayai yao, ambayo huonekana kama ute mzito chini ya majani. Maji ya ndoo hiyo yamwagwe juu ya udongo mkavu, mbali na kisima, mto au bwawa.

Vifaa vinavyohitajika

Tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 30. Kama huna tangi, tumia chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa hiyo itafaa kwa mimea, lakini ni ndogo mno kwa samaki.
Udongo wa juu wa bustani, usiotiwa mbolea wala dawa ya kuulia wadudu.
Mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani haufai, kwa sababu una chumvi.
Chekeche, ndoo mbili, sahani na kijiti kirefu.
Mimea ya majini.
Kitambaa chepesi chenye matundu madogo, cha kufunikia tangi.

Hesabu ya tangi

Kabla ya kuliweka tangi mahali pake, piga hesabu. Tutatandaza udongo wa kina cha sm 3 na mchanga wa kina cha sm 2. Maji yatafika sm 27 kutoka chini. Basi kina cha maji peke yake ni sm 22.

Udongo: 60 × 30 × 3 = sentimeta za ujazo 5,400, yaani lita 5.4.
Mchanga: 60 × 30 × 2 = sentimeta za ujazo 3,600, yaani lita 3.6.
Maji: 60 × 30 × 22 = sentimeta za ujazo 39,600, yaani karibu lita 40.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake yana uzito wa kilo 40 hivi. Ukijumlisha udongo, mchanga na kioo, uzito wote unazidi kilo 50. Tangi hili lahitaji meza imara isiyoyumba. Likishajazwa maji lisiinuliwe tena, kwani kioo chaweza kupasuka na kumjeruhi mtu.

Jinsi ya kutengeneza

Hatua ya kwanza. Weka tangi karibu na dirisha, mahali penye mwanga mzuri lakini pasipopigwa na jua kali mchana kutwa. Jua likizidi, maji hugeuka rangi ya kijani kwa sababu ya mwani. Mwani ni mimea midogo sana ya majini.

Hatua ya pili. Chekecha udongo ili kuondoa mawe, vijiti na mizizi. Uloweke katika ndoo, uache utulie, kisha uondoe takataka zinazoelea. Mwaga maji ya juu. Udongo uliobaki utakuwa kama uji mzito.

Hatua ya tatu. Tandaza udongo huo chini ya tangi kwa kina cha sm 3. Usizidishe. Udongo mwingi mno hukosa oksijeni upande wa chini, huoza na kutoa harufu kama ya mayai viza.

Hatua ya nne. Osha mchanga mara nyingi, mpaka maji ya kuoshea yatoke safi. Utandaze juu ya udongo kwa kina cha sm 2, mpaka udongo wote ufunikwe.

Hatua ya tano. Tayarisha maji. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Klorini huwadhuru samaki na bakteria wetu wenye manufaa. Yaweke maji hayo katika ndoo zilizofunikwa kwa kitambaa chenye matundu kwa muda wa siku mbili, ili klorini ipungue hewani.

Hatua ya sita. Weka sahani juu ya mchanga, na mimina maji polepole juu ya sahani. Hivyo mchanga hautachimbika. Jaza kwanza mpaka sm 10.

Hatua ya saba. Panda mimea mingi tangu siku ya kwanza. Mimea michache haitoshi kuyasafisha maji, na nafasi yake huchukuliwa na mwani. Vallisneria una majani marefu kama utepe. Mizizi yake ichomeke mchangani mpaka ifike kwenye udongo. Mmea uitwao Ceratophyllum una majani membamba kama manyoya na hauna mizizi. Uache uelee tu. Mimea yote miwili huota katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika.

Hatua ya nane. Ongeza maji mpaka yafike sm 27. Toa sahani. Funika tangi kwa kitambaa.

Kwa nini tunafunika? Kwa sababu maji yaliyotulia, yasiyo na samaki, ni mahali pazuri pa mbu kutagia mayai. Hatutaki kuleta malaria nyumbani kwa kutafuta elimu. Lakini jihadhari: usitumie chandarua kilichotiwa dawa. Dawa ile iuayo mbu huua samaki pia.

Majuma manne ya kusubiri

Sasa tangi lako limekamilika, nawe utatamani kutia samaki siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Katika majuma ya kwanza udongo mpya hutoa amonia nyingi, na bakteria bado ni wachache. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa kumbe yana sumu. Macho yetu hayawezi kuiona amonia.

Kila juma toa nusu ya maji, yaani lita 20, na utie mengine yaliyotayarishwa. Ondoa majani yaliyokufa. Chomeka kijiti polepole mchangani mahali mbalimbali, ili hewa iliyonaswa katika udongo itoke. Andika katika daftari rangi ya maji, harufu yake, na idadi ya majani mapya.

Baada ya majuma manne jiulize maswali haya matatu. Je, mimea inatoa majani mapya? Je, maji yamekuwa meupe kwa juma zima? Je, hakuna harufu mbaya? Ikiwa jibu la kila swali ni ndiyo, waweza kuwatia samaki. Ikiwa hata jibu moja ni hapana, subiri juma jingine, kisha ujiulize tena.

Kuwatia samaki

Chagua samaki wadogo. Perege hawafai kwa tangi hili. Hukua wakawa wakubwa, hufukua mchanga na kula mimea. Samaki wafaao ni gapi, ambao huuzwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Gapi aliyekomaa ana urefu wa sm 3 hadi sm 6 hivi. Jike lake halitagi mayai, bali huzaa vifaranga walio hai. Chagua madume watupu kama hutaki waongezeke.

Gapi hupenda maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 28 za Sentigredi. Mahali penye baridi kali, kama vile Makete au Njombe wakati wa kipupwe, ni afadhali kubaki na mimea peke yake.

Anza na samaki watatu. Eleza mfuko wao juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 ili joto la maji lilingane. Tia maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo, kisha waachie. Baada ya majuma mawili waweza kuongeza wengine watatu.

Walishe mara moja kwa siku unga wa dagaa, kiasi wanachoweza kumaliza kwa dakika mbili. Chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia. Samaki wengi wa nyumbani hufa kwa sababu ya kulishwa kupita kiasi. Kila juma badilisha robo ya maji, yaani lita 10.

Hatari ya alfajiri

Amka mapema siku moja uwatazame samaki wako kabla jua halijachomoza. Wakiwa juu ya maji, wakifungua na kufunga midomo, jua kwamba oksijeni imepungua. Kwa nini wakati huo? Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo mimea haitoi oksijeni. Tena mimea yenyewe huvuta oksijeni, kama wavutavyo samaki na bakteria. Alfajiri ndipo oksijeni huwa imepungua zaidi. Jambo hili huwapata pia samaki katika mabwawa ya kufugia.

Ukiona dalili hiyo, badilisha nusu ya maji mara moja, punguza chakula, na uondoe kila kitu kinachooza. Kama samaki ni wengi mno, wagawie wenzako wenye matangi.

Jaribio la kwanza: Mwanga na vipovu

Tia kitawi cha Ceratophyllum katika glasi ya maji. Iweke juani kwa dakika 15. Hesabu vipovu vinavyotoka kitawini kwa dakika moja. Kisha iweke kivulini kwa dakika 15 na uhesabu tena. Andika majibu. Linganisha na yale aliyoyaona Ingenhousz.

Jaribio la pili: Kazi ya udongo

Chukua chupa mbili za kioo zinazolingana. Katika chupa A weka udongo na mchanga juu yake. Katika chupa B weka mchanga tu. Panda mche mmoja wa Vallisneria katika kila chupa. Miche iwe sawa kwa ukubwa. Tia maji yale yale, weka mahali pamoja, na funika chupa zote mbili. Baada ya majuma manne hesabu majani na pima urefu wake. Kwa kuwa vitu vingine vyote vililingana, tofauti utakayoiona yatokana na nini?

Tangi na ziwa

Usimwage kamwe samaki wala mimea ya tangi katika mto, bwawa au ziwa. Gapi ni samaki wa asili ya Amerika ya Kusini. Hawakuumbwa kuishi pamoja na samaki wa maji yetu. Kumbuka magugu maji. Mmea huo nao umetoka Amerika ya Kusini, na watu waliueneza kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umefika Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 ulifunika sehemu kubwa za mwambao, ukaziba njia za mitumbwi, ukazuia mwanga kufika chini na kupunguza oksijeni majini. Wavuvi walipata hasara kubwa.

Tangi likiharibika, unaweza kulianza upya kwa majuma machache. Ziwa likiharibika, hatuna jingine la kuanza nalo. Sheria zinazotawala maji ya tangi lako ndizo zinazotawala maji ya ziwa. Anayeweza kulitunza tangi vizuri amekwisha kuanza kuelewa jinsi ya kulitunza ziwa.

Maswali

1. Taja vitu vitano vinavyofanya kazi katika tangi, na ueleze kazi ya kila kimoja.
2. Kwa nini maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa na sumu?
3. Warington alikosa nini mwanzoni? Sisi tunafanya nini badala yake, na kwa nini?
4. Kwa nini chandarua kilichotiwa dawa hakifai kufunikia tangi?
5. Tangi lina urefu wa sm 50, upana wa sm 30, na kina cha maji ni sm 20. Lina lita ngapi za maji? Maji hayo yana uzito gani?
6. Samaki wanatweta alfajiri lakini mchana wanaogelea vizuri. Eleza sababu.
7. Rafiki yako amenunua tangi leo, naye anataka kutia samaki kumi kesho. Mwandikie barua fupi umweleze afanye nini kwanza.
8. Nenda na mwalimu wako mkatazame bwawa mkiwa mbali na maji. Chora bwawa hilo, na uonyeshe kwa mishale jinsi viumbe vyake vinavyotegemeana.